Jina langu ni Hana: nilikwenda kwa wakili kulibadilisha, kumbe sijui hata robo ya maana zake

Wakuu, nawasalimu wote. Mlioko kazini, mlioko safarini, na nyie mnaosoma nyuzi za watu kimyakimya bila kuacha hata like, nawaona na nawasalimu pia.

Leo sijaja kuomba ushauri. Nimekuja na furaha, na imenijaa mpaka nimeona nisipoimwaga humu itanipasua.

Najua wapo watakaosema hii chai. Sawa tu. Ila kila ninachoandika kimenitokea mimi mwenyewe, hapa hapa Mpanda, na wahusika wengine wanaishi umbali wa kutembea kwa miguu kutoka nilipokaa. Nikiongeza chumvi watanifuata dukani.

Twende.

Naitwa Hana. Hiyo sio ID, ni jina langu la kweli, la ubatizo, la shule, la kila kitu.

Sasa wewe ambaye Kiswahili ndo lugha yako hebu jiweke kwenye nafasi yangu. Unaitwa Hana. Hana nini?

Hilo swali nimeulizwa maisha yangu yote. Hana akili. Hana hela. Hana hata kalamu. Mwalimu akiuliza darasani nani hana kitabu, darasa zima linanigeukia mimi, na kitabu ninacho mkononi.

Kuna siku niliumwa, mama akanipeleka zahanati. Nesi akauliza, "Mtoto jina lake nani?"

Mama akajibu, "Hana."

Nesi akaniangalia juu mpaka chini. "Mkubwa wote huu hana jina?"

Leo nikisimulia nacheka. Siku ile sikucheka.

Lakini hayo yote yalikuwa madogo. Lililokuwa linaniumiza ni moja. Baba yangu alifariki mama akiwa na mimba yangu. Mtaani kwetu Kawajense kila mtu alilijua hilo, na watoto nao walilijua. Tukiruka kamba, nikianza kuwashinda, basi wanaanza: "Hana! Hana nini? Hana baba!"

Wakuu, mtoto mwenzako akigundua panapouma, haachi.

Nilikuwa namuuliza mama, kwa nini mliniita hivi? Mama akanijibu lile jibu lake la siku zote, kwamba ni jina la yule mama wa kwenye maandiko aliyelia akiomba mtoto mpaka akampata. Maana yake neema. Basi, anaendelea na kazi zake.

Nikaridhika nusu. Neema yenyewe ilikuwa inasikika kanisani tu. Barabarani ilikuwa ni "hana".

Nimekua hivyo. Nikasoma, nikamaliza, nikahangaika na maisha, sasa hivi nina duka la pembejeo hapa mjini. Mbegu, mbolea, dawa za viwavi, pampu za kupulizia. Wateja wangu wengi ni wakulima wanaotoka Katumba, Mishamo, na vijiji vya huku na huku.

Ndo hapo alipoingia Deo.

Deo ni mkulima wa mahindi na maharage, kwao Katumba. Kwa wasiokujua huku, Katumba ni makazi ya watu waliokuja zamani wakikimbia vita Burundi, na sasa wengi wao ni raia kama mimi na wewe. Deo kazaliwa hapa, kasoma hapa, Burundi anaisikia kwa wakubwa zake tu.

Alikuja kununua mbegu. Tukaongea aina, tukaongea mvua, akalipa. Akiwa anafunga mzigo kwenye pikipiki akageuka. "Samahani dada, nikuite nani?"

"Hana."

Nikajiandaa kwa ule utani. Nilikuwa nimeshausikia wote, hakuna mpya. Jamaa akafikiri kidogo, akasema kwa upole kabisa, "Basi usijali, tutalitafuta."

Nilicheka mpaka nikasahau kumpa risiti. Ikabidi arudi kesho yake kuifuata. Mpaka leo anadai ilikuwa ni mbinu yangu.

Sitawachosha na mapenzi. Tukapendana, tukaelewana, tukafika mahali pa kutambulishana kwa wazazi. Deo alilelewa na bibi yake mzaa baba, kwa hiyo ukitaka kuolewa na Deo, mtu wa kumshawishi ni Bibi. Wengine wote wanasikiliza yeye kasema nini.

Basi tukaenda Katumba. Nimevaa kitenge changu kizuri, kichwa nimefunga, pikipiki tunapita polepole ili vumbi lisiniharibie.

Bibi alinipokea vizuri sana, wakuu. Mwanamke mwembamba, mgongo umenyooka, macho yanacheka kabla mdomo haujacheka. Kapika ndizi na maharage, kamiminia mawese, harufu inakukuta ukiwa bado barabarani. Akanishika mikono yote miwili, akanikalisha karibu yake kwenye mkeka.

"Witwa nde, mwanangu? Unaitwa nani?"

"Naitwa Hana, Bibi."

Akaniachia mikono.

Sio kwa hasira. Aliniachia kama mtu aliyeshika sufuria akagundua bado ya moto. Akamgeukia Deo. "Hana jina lingine huyu?"

Hata kwenye wakati mgumu kama ule jina langu liliingia kwenye sentensi na kufanya fujo.

Deo akasema, hapana Bibi, ni hilo hilo. Tukala. Akanipakulia tena na tena, akaniuliza habari za mama, za duka. Ila jina langu hakulitaja hata mara moja mpaka tunaondoka. Kila akitaka kuniita anasema "wewe mtoto".

Tukiwa njiani nikamwambia Deo asimamishe pikipiki. Nikamuuliza nimekosea nini.

Deo kashika kichwa. "Asee sikuwahi kulifikiria. Mimi nakusikia kwa Kiswahili. Kwa Kirundi, guhana ni kuadhibu. Mtu akisema hana, anasema adhibu."

Nikakaa chini pembeni ya barabara, kitenge na vumbi vyote nikasahau. Yaani nimetoka kwenye "hana" ya Kiswahili, nakwenda kuolewa, naikuta nyingine imekaa mlangoni inanisubiri, na hii ni mbaya zaidi!

Baada ya wiki hivi baba mdogo wake Deo akaja mjini. Mtu mpole, fundi seremala, anaongea huku anaangalia viatu vyake. Kaleta ujumbe wa Bibi. Nitauandika kama alivyoniambia, kwa sababu nimeukariri.

"Mama anasema wewe ni binti mzuri, una adabu, kakupenda. Ila jina lako hawezi kuliita. Anasema alitembea kwa miguu kutoka kwao na watoto mgongoni, wengine akawazika njiani. Anasema, adhabu yangu mimi nimeshaimaliza. Siwezi kusimama mlangoni kwangu jioni niite, adhibu, adhibu, njoo ule."

Wakuu, mtu kama huyo ungemkasirikiaje?

Hasira zangu zote zikaenda kwa jina. Nikasema inatosha. Nalibadilisha. Nitaitwa Anna, herufi ni zile zile karibu, hata watu hawatapata shida. Deo akasema, "Ukibadilisha sawa, usipobadilisha sawa, mimi nakuoa wewe." Lakini nilimwona kapumua.

Nikaenda kwa wakili mmoja pale mjini. Akanisikiliza, akasema inawezekana kwa kiapo, ila nije na mtu mzima aliyekuwepo nilipozaliwa. Nikajua ni mama.

Ngoja kuna mteja, nakuja.

Nimerudi. Alikuwa anataka dawa ya panya, na wenye panya huwa hawana subira.

Basi nikaenda nyumbani Kawajense. Mama yuko barazani anachambua maharage kwenye ungo. Nikamwambia yote, ya Bibi, ya Kirundi, ya wakili, na kwamba kesho nataka twende wote.

Nilitegemea anigombeze. Hakunigombeza. Aliendelea kuchambua, akatoa jiwe moja akalitupa, akasema, "Siwezi kwenda."

"Kwa nini mama?"

"Jina hilo sio langu. Siwezi kukusaidia kutupa kitu ambacho sikukupa mimi."

Nikamuuliza, "Si ulisema ni la yule mama wa kwenye maandiko?"

"Alisema katekista. Mimi nikaliacha hivyo hivyo." Akaweka ungo chini, akajifuta mikono. "Twende kwa mwenyewe."

Tukachukua bodaboda mbili mpaka Makanyagio. Njia nzima mama kakaa mbele yangu kwenye pikipiki yake, mgongo wima, hageuki, na mimi sijui napelekwa kwa nani. Nikaanza kufikiria mambo ya kwenye sinema. Pengine baba hajafa! Pengine nina baba mwingine!

Pikipiki zikasimama kwa Bi Mwanaidi.

Huyu Bi Mwanaidi namfahamu tangu nina akili. Ni mama wa Kiislamu, asili yake Ujiji, zamani alikuwa jirani yetu ukuta kwa ukuta, akauza maandazi miaka na miaka, sasa amezeeka anakaa kwa binti yake. Nikipita namsalimia, ananiita "Hanaaa", analivuta. Mimi siku zote nilidhani ndo lafudhi ya watu wa Ujiji!

Mama akasema hata hajakaa, "Bi Mwanaidi, mtoto anataka kubadilisha jina."

Yule bibi alinitazama kama nimemkanyaga. "Abadilishe? Kwani kalitumia lini? Mimi sikumwita Hana. Mimi nilimwita Hanaa. Nyie ndo mmelikata mkia."

Akatukalisha. Akaanza kusimulia, na mama yangu akawa anaangalia chini muda wote.

Baba alipofariki mimba ilikuwa kubwa. Nikazaliwa. Mama akawa mtu wa kukaa tu. Halii, haongei, akipewa mtoto ananyonyesha kama anasaidia mtoto wa mtu mwingine. Jina hakunipa. Nilikuwa naitwa "mtoto". Mtoto kalala, mtoto kaamka. Watu wa kanisani wakija kuuliza jina, mama anawaangalia tu.

Bi Mwanaidi alikuwa anakuja kila asubuhi na uji, ananiogesha, anamlazimisha mama anywe.

"Sasa siku hiyo," akasema, "nimevaa kanga mpya. Mpya kabisa, haijaona maji. Nimeletewa kutoka Kigoma. Nimekupakata nakupaka mafuta, nimejisahau sijakufunga nepi. Ukanikojolea! Umelowesha mji wote wa katikati, umelowesha pindo, mpaka kwenye maandishi. Nikapiga ukelele wewe, uuuwi kanga yangu!"

Akamwonyesha mama kwa kidole. "Huyu hapa akacheka."

Mama akawa ameshika mdomo.

"Alicheka mpaka akashika ukuta. Na mimi nikacheka. Tumecheka mpaka majirani wakaja kuangalia, wakadhani mmoja wetu kachanganyikiwa. Toka wamzike mumewe nilikuwa sijaona meno yake. Nikakunyanyua juu na mikojo yako nikasema, haya, hanaa imeingia nyumba hii. Nikakuita hivyo hivyo."

Nikauliza hanaa ndo nini.

"Raha. Ila sio raha ya ngoma, hapana. Raha ya moyo kutulia. Mwarabu akiona umekula kitu kikashuka vizuri anakwambia hanian. Ndo hiyo. Kitu kimeshuka, kimekaa mahali pake, hakikukwami."

Wakuu, nililia. Halafu nikacheka. Halafu nikalia tena, na Bi Mwanaidi ananipiga mgongoni ananiambia nisimlilie kwenye kanga maana na hii nayo ni mpya.

Kumbe siku ya ubatizo katekista akauliza jina, mama akasema Hanaa. Katekista akafurahi peke yake, "Hana! Jina zuri sana, la yule mama aliyemwomba Mungu mtoto! Maana yake neema!"

Mama akaniambia, "Nikaona la Bi Mwanaidi limepita kanisani bila tabu, mimi niongeze neno gani tena?"

Kwa hiyo jina langu lilitolewa na Mwislamu kwa Kiarabu, likapokelewa na Mkatoliki kwa Kiebrania, na watoto wa mtaani wakalitafsiri kwa Kiswahili. Na kwenye watu wote hao, mimi nilikuwa nimewasikiliza wale watoto!

Nilirudi dukani siwezi hata kukaa. Nikafungua Google. Hapo ndo nikapagawa kabisa.

Wajapani wana jina Hana. Kwao maana yake ua. UA! Mimi muuza mbegu!

Wakorea, hana ni moja. Ile moja ya kuhesabu.

Kuna visiwa huko Pasifiki vinaitwa Hawaii, kwao hana ni kazi.

Nikapiga kelele dukani. Kulikuwa na mzee amekuja kununua mbolea akaniuliza, "Vipi mama, umeshinda mkeka wa kubeti?" Nikamwambia, mzee, mimi ni ua! Akalipa haraka haraka akaondoka.

Usiku sikulala... hapana, nilale nisilale haiwahusu. Cha muhimu ni kwamba asubuhi nilimpigia Deo nikamwambia sibadilishi.

Nikamsimulia yote. Alifurahi kwa dhati, alicheka ile ya kanga mpaka akakohoa. Halafu akauliza, "Na Bibi?"

"Bibi ataniita atakavyo. Akiniita wewe mtoto mpaka anakufa nitaitika. Lakini jina hili lilimfanya mama yangu acheke, Deo. Silitupi."



"Nimekuelewa," akasema. "Ngoja nikaongee na baba mdogo."

Zikapita siku, wakuu. Barua ya posa ilikuwa imeshapangwa kuletwa, lakini sasa sikujua kama italetwa au itaishia njiani. Deo anapiga simu lakini anaongelea mahindi. Nikiuliza, anasema wazee bado wanaongea. Nyie mliowahi kusubiri wazee waongee mnanielewa.

Mwishowe akanitumia meseji: "Wanakuja. Bibi naye anakuja. Hajasema chochote."

Hajasema chochote! Hiyo ndo habari mtu anakutumia?

Siku ikafika. Nyumbani Kawajense tumefagia mpaka kwa jirani. Mjomba wangu, kaka yake mama, ndo msemaji wa upande wetu. Samaki wa migebuka wamekaangwa, wali upo. Na Bi Mwanaidi, ambaye hakuna aliyemwalika, kaja kajifunga kanga inayowaka, kakaa kiti cha mbele kabisa.

Mimi niko chumbani nyuma ya pazia na shoga yangu, tumetega masikio, tunachungulia pembeni.

Wageni wakaingia. Baba mdogo, shangazi yake Deo, na Bibi. Salamu, maji, habari za mashamba. Halafu mjomba akakohoa kile kikohozi cha kazi.

"Karibuni sana. Mmetuambia mmekuja kuposa. Mmekuja kumposa nani?"

Wakuu, hapo nikashika mkono wa shoga yangu. Kwa sababu kwetu lazima mtaje jina. Huwezi kuposa mtu bila kumtaja.

Baba mdogo akaanza kuzunguka. "Tumekuja kwa ajili ya huyu binti yenu, mwenye duka la pembejeo pale mjini."

Mjomba hajui lolote la Kirundi, akadhani ndo utani wa posa. Akanogewa. "Aah, mabinti hapa wapo wengi, na biashara wanafanya. Taja jina."

Baba mdogo akaangalia viatu vyake.



Bi Mwanaidi akashindwa. "Anaitwa Hanaa! Semeni Hanaa! Mbona mnalitafuna?" Na hapo hapo, bila kuombwa na mtu, akaanza kuisimulia ile ya kanga. Na pindo, na maandishi, na mikojo, yote! Mbele ya wakwe! Nilitamani ardhi ipasuke.

Watu wakacheka. Nikamsikia shangazi mtu anacheka, nikamsikia mjomba. Ila sauti ya Bibi sikuisikia.

Baba mdogo sasa jasho linamtoka. Akaona amgeukie mama yake amtulize, akamwongelesha Kirundi. Alitaka kumwambia, mama, tusiharibu shughuli, tumekuja kupeana watoto. Ndo akasema:

"Mama, twaje guhana abana."

Bibi akasema, "Uvuze iki?" Umesema nini?

Baba mdogo akarudia, polepole, kama mtu anayeogopa kukosea. "Twaje guhana abana."

Shangazi mtu akapiga makofi. "Yuuu! Jamani! Si hilo hapo!"

Mjomba akauliza, "Hilo gani? Mbona mnatuacha?"

Shangazi akamwelezea huku anacheka. Kwa Kirundi kuna guhana ya kuadhibu, na kuna guhana nyingine, ya kupeana. Mimi nikupe wewe, wewe unipe mimi. Watu wanapeana zawadi, wanapeana mikono, wanapeana amani kanisani, yote ni guhana. Zinapishana sauti kidogo tu, mwenye sikio la Kirundi ndo anasikia. Kaka yake kasema tumekuja kupeana watoto, na jina la binti limo ndani!

Chumba kizima kikalipuka. Mjomba anarudia "guhana, guhana", anakosea sauti, shangazi anamrekebisha, "Ukisema hivyo unatuadhibu sote!"

Halafu nikasikia hatua. Pazia likafunguka.

Bibi kasimama mlangoni. Alinitazama muda, mimi nimepiga magoti pale chini sijui nifanye nini na uso wangu. Akainama, akanishika mikono yote miwili.

"Hana," akasema. Na sauti yake ilipanda mahali ambapo sijawahi kusikia jina langu likipanda.

"Abee, Bibi."

"Nilisikia lile moja tu. Sikio langu lilizoea lile." Akatikisa kichwa. "Hili jingine nalo ni letu, na nimelitumia siku zote. Njoo ukae na watu."

Nilitoka naye, nikakaa kati yake na mama yangu, na mama alikuwa analia waziwazi bila kujificha.

Bi Mwanaidi hakukubali yaishe hivyo. Akainyoosha shingo. "Ila sio Hana, bibi mwenzangu. Ni Hanaaa."

Bibi akamjibu kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Wewe mwite lako, mimi namwita langu. Ataitika yote."

Wakacheka wote wawili, wakashikana mikono, na kutoka hapo hawakuachana mpaka wali ulipoisha. Wamekaa wanaulizana habari za watoto, na nani kafa na nani yupo. Mjomba aliendelea na taratibu zake za posa lakini nadhani hakuna aliyekuwa anamsikiliza.

Ndoa tumefunga. Sasa hivi tunaishi hapa mjini na mashamba yapo Katumba, tunakwenda na kurudi. Wanaoniuliza "Hana nini?" bado wapo. Siku hizi nawajibu: una dakika tano? Nikianza na Wajapani, mtu anaomba msamaha mwenyewe.

Nilichojifunza, na ndo kilichonileta humu.

Jina langu lilikuwa na maana nyingi nzuri, na zote zilikuwa karibu nami. Moja ilikuwa ukuta kwa ukuta na sisi inakaanga maandazi! Lakini nilikaa na ile moja mbaya kwa sababu ndo iliyopigiwa kelele zaidi. Na Bibi naye alikaa na ile moja kwa sababu maisha yalimpigia hiyo kelele zaidi. Hakuna kati yetu aliyekuwa mjinga. Ni vile tu hatukuwa tumekaa chumba kimoja.

La pili. Jioni ile ya posa, wageni walipoondoka, nilikuwa naosha vyombo na mama. Mama hakuwahi kuniongelea baba zaidi ya kusema alikuwa mtu mzuri. Jioni ile, bila mimi kuuliza, akasema, "Baba yako angekuwepo leo angecheka kuliko wote. Alikuwa akicheka anapiga paja, mpaka watu wanamcheka yeye badala ya kile kichekesho."

Nikaacha sufuria kwenye maji.

Nikauliza swali moja, akajibu. Nikauliza lingine. Akaniambia alivyokuwa anatembea, alivyokuwa hapendi bamia, wimbo gani alikuwa anakosea maneno. Tulikaa pale jikoni mpaka maji yakapoa. Na tangu siku hiyo kila nikienda ananisimulia jipya. Bado hajamaliza, na mimi sina haraka.

Kwa hiyo wakuu, kama aliyekupa jina yupo hai, mpigie simu leo. Usimuulize maana tu, hiyo Google inayo. Muulize siku ile kulikuwa na nini ndani ya nyumba.

Halafu njoo utuandikie hapa chini: unaitwa nani, alikupa nani, na kwa lugha za kwenu jina hilo linasema nini? Wafipa, Wapimbwe, Wasukuma, Wanyamwezi, wote nawasubiri. Na kama kuna anayejua Hana kwa lugha yake ni kitu gani, hata kama ni kibaya, lete tu. Nina nafasi.